Kutoka Langoni, Lamu, hadi Besançon: miezi yangu ya kwanza ya kuishi na Kifaransa (uzi mrefu)

BintiLangoni (mleta uzi)

Assalam aleikum wanajukwaa.

Mwezi huu wadogo zangu watatu, wawili wa Lamu na mmoja wa Malindi, wameniuliza swali lile lile: dada, kwenda Ufaransa kusoma Kifaransa kukoje? Niliwajibu juujuu na roho haikutulia. Nayaweka hapa yote, tangu siku niliyoshuka ndege mpaka pale masikio yalipofunguka. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, nitajibu.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Ami yangu ana mashua ya kuchukua wageni, na mimi nilikuwa nikifuatana naye Takwa, kisiwani Manda, kuwaeleza magofu. Wakija Wafaransa ilikuwa taabu. Wanauliza ile nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla wa msikiti, nawaeleza kwa Kiingereza, mmoja wao anawafasiria wenzake, na nikiwatazama usoni naona katika maneno yangu kumi yamefika mawili. Iliniuma. Mji wetu, makaburi yetu, na maelezo yanapotea kati ya mdomo wangu na sikio la mgeni aliyetoka mbali kuja kuyasikiliza. Nikaenda Mombasa kusoma Alliance Française, nikilala kwa shangazi, nikamaliza A1 na A2, ngazi mbili za mwanzo. Kisha nikapata nafasi CLA, kituo cha lugha cha chuo kikuu pale Besançon, mashariki ya Ufaransa, kilichoanza mwaka 1958.

Na kuna jambo nataka mlishike mapema, kwa kuwa mimi nilichelewa kulijua: mtoto aliyesoma chuo Lamu haendi Ufaransa mikono mitupu. Nasema chuo kwa maana yetu, chuo cha Kurani. Nitafika huko.

Niliondoka mwisho wa Januari 2023, joto la kaskazi limepamba moto. Nikalala Paris usiku mmoja. Kesho yake, tarehe 31, nikaenda stesheni ya Gare de Lyon na tiketi yangu. Ubaoni, mbele ya treni yangu, pameandikwa neno moja: *supprimé*. Sikuwa na neno hilo. Nikasimama nalisoma na kulisoma, sanduku miguuni, watu wananipita kulia na kushoto. Mzee mmoja akaniona, akaja, akasema *grève*. Akajua sikuelewa, akafunga mikono kifuani kama mtu aliyekataa kazi, kisha akanionyesha ule ubao kwa kidole. Nikafahamu. Mgomo, treni imefutwa. Majira yale Wafaransa walikuwa wakigoma nchi nzima kwa sababu serikali ilitaka kusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, na tarehe 31 ilikuwa mojawapo ya siku zao kubwa. *Grève* ndilo neno langu la kwanza ambalo sikufundishwa na mwalimu yeyote, na mpaka leo nikilisikia naiona mikono ya yule mzee.

Besançon nilifika siku ya pili yake. Mto Doubs umeuzunguka mji wa kale kama kitanzi, na juu mlimani kuna ngome aliyoichora Vauban, mhandisi wa ngome wa Kifaransa wa zamani, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mji wetu uliingizwa 2001. Siku niliyolisoma hilo kwenye kibao cha chini ya ngome nilijisikia nafuu, kana kwamba nimehamia mtaa wa pili.

Baridi sitaieleza sana, kila mtu anaieleza. Nunua viatu kule kule, usinunue Mombasa. Basi.

Kilichonivuruga zaidi ni jua. Sisi tumekaa karibu na mstari wa ikweta, jua linachomoza saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima, ndiyo maana hesabu ya saa za Kiswahili imenyooka: saa moja ni saa moja tangu kuche. Kule wiki ya kwanza ya Februari jua lilikuwa likichomoza saa mbili. Naenda darasani giza, taa za barabarani zinawaka, na akili inaniambia bado ni alfajiri. Disemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na mwezi wa Juni saa tatu na nusu za usiku unaliona bado. Ile saa ya Kiswahili niliyozaliwa nayo kifuani ikawa haina pa kushika. Mwezi mzima nilikuwa nikiamka sijui niko wapi katika siku.

Naendelea kesho inshallah.

Baharia_Matondoni

Waalaikum salaam dada. Nimeketi hapa siondoki. Hilo la jua linazama kabla ya saa kumi na moja limenitisha. Wanaume wa huko wanavua saa ngapi?

MamaShela

Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mimi nina binti anamaliza sekondari na anaitaka hiyo njia. Nina maswali mawili ya mzazi. Chakula cha halali, na buibui lake. Tunasikia kule mtoto anavuliwa mtandio mlangoni mwa skuli. Nieleze kweli, usinifiche.

BintiLangoni (mleta uzi)

Mama, shikamoo. Naanza na wewe.

Sheria iliyoko ni ya mwaka 2004, na inahusu skuli za serikali, za msingi mpaka sekondari. Huko mwanafunzi haruhusiwi kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi, na mtandio umo. Chuo kikuu hakimo katika sheria hiyo. Nilisoma muda wote na mtandio wangu, darasani, maktabani, mkahawani, na hakuna mwalimu aliyeniambia niuvue. Macho ya watu barabarani yapo, sikufichi. Mara mbili tatu nilirudi chumbani nimeshika moyo. Na ajira ya serikali ni mlango mwingine, maana mtumishi wa umma kule haruhusiwi kuonyesha dini yake kazini. Lakini kwa kusoma, binti yako atasoma amejisitiri.

Chakula. Mkahawa wa wanafunzi ulikuwa ukitoa mlo kamili kwa euro 3.30, na samaki au mboga havikosekani. Nyama nilikuwa nikinunua kwa mchinjaji wa Kiislamu, kila mji wenye Waaljeria na Wamoroko utampata. Ila hapa pana kisa cha lugha nataka nikuhadithie, maana ndicho kilichonizindua.

Eneo lile linasifika kwa soseji za nguruwe. Mimi neno la nguruwe nilikuwa nimelisoma kitabuni Mombasa: *porc*. Nimeliona kwa macho, herufi nne, c mwishoni, nami kichwani nikilisoma na ile c yake. Siku ya tatu nimesimama na sinia, mama mpakuaji ananionyesha sahani ananiambia kitu, nasikia "por". Port? Bandari? Niliijua *port*, ndilo neno la kwanza nililotafuta kwa ajili ya bandari ya Lamu. Nimesimama najiuliza bandari imeingiaje katika sahani, foleni nyuma yangu imerefuka. Kumbe ile c haisemwi. *Porc* na *port* yanatamkwa sawasawa. Mama yule aliutazama mtandio wangu, akaiondoa sahani mwenyewe, akanipa samaki. Mungu amlipe.

Usiku ule nikakaa kitandani nikajiuliza: miezi minane ya masomo, maneno mangapi nayajua kwa macho tu? Nikayahesabu kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Karibu yote.

Mkomani_77

Uzi mzuri, lakini niulize bila kuudhi mtu. Kifaransa Lamu cha nini? Wageni wengi wanajua Kiingereza. Malindi wamejifunza Kitaliano kwa sababu Waitaliano wamejaa pale. Na sasa kuna bandari ghuba ya Manda, kijana si bora asome Kichina au Kiarabu cha biashara?

BintiLangoni (mleta uzi)

Ndugu, hukuniudhi. Mimi sijasema kila mtu asome Kifaransa. Anayetaka Kichina akasome, na ajue nitamuunga mkono. Ila usiseme tuna lugha ya kutosha kwa kuwa mgeni anajua Kiingereza. Mgeni akisikia habari za mji wako kwa lugha yake anauliza maswali mengine kabisa, ya ndani. Na Kifaransa hakijatoka mbali na sisi kama unavyodhani. Ngazija, kule Komoro, wana Kifaransa kama lugha ya serikali pamoja na Kiarabu na lugha yao, na Habib Swaleh aliyetujengea msikiti wa Riyadha alizaliwa huko huko Ngazija. Nitakieleza kisa cha Mngazija mmoja mbele, ukisome kisha tuzungumze tena.

Sasa nirudi kwenye masikio.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda soko la Place de la Révolution. Mama mmoja mtu mzima anauza karoti na vitunguu, amevaa glavu zilizokatwa vidole. Nikamsalimu, nikachukua fungu la karoti, nikamuuliza bei. Akajibu. Nikasikia *douze euros*. Euro kumi na mbili! Nikarudisha karoti taratibu, nikasema ahsante, nikaanza kuondoka. Akaniita. Akasema tena lile lile neno, na mimi nikasikia lile lile, kumi na mbili. Nikatikisa kichwa. Akavua glavu ya mkono wa kulia, akaniinulia vidole viwili. *Deux. Deux euros.*

Tazameni. *Deux euros* na *douze euros*. Mbili na kumi na mbili. Kwa maandishi hayafanani. Kwa sauti, ile x ya *deux* iliyolala inaamka mbele ya irabu na kuwa z, na *douze* ina z yake, kwa hiyo kinachobaki kuwatenganisha ni irabu moja tu. Na irabu ile ya *deux* Kiswahili hatuna. Sikio langu halikuipata nyumba yake, likaipeleka kwa jirani wa karibu, likaiita "u". Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo langu si msamiati. Ningeweza kumeza kamusi nzima na karoti nisinunue.

Na hapa ndipo chuo kiliponijia.

Mwalimu wangu wa Kurani Langoni alikuwa bibi mkongwe, marehemu sasa, Allah amrehemu. Alikuwa hapendi mtoto anayekimbilia kusoma ubao. Akikuona unakimbia anakwambia: "Sikiza kwanda. Soma kwa mashikio, si kwa mato." Anasoma yeye, unamtazama mdomo, unarudia, anakukataza, unarudia. Herufi inayotoka kooni anajishika koo kukuonyesha inatoka wapi. Ghain na kha, adnal-halqi, koo ya juu, karibu na mdomo. Tulikuwa watoto wa miaka saba na tulikuwa tukijua kila herufi inakotoka katika mwili.

Wiki ya pili Besançon, mwalimu wetu wa matamshi anawafundisha wenzangu r ya Kifaransa. Mkorea hawezi, Mbrazili hawezi, Mvietnamu anakohoa mpaka machozi. Zamu yangu ikafika: *rue*. Ile r nikaitoa kama ghain. Mwalimu akasimama. Akaniambia niseme *Paris*, *arrêt*, *merci*. Nikazitoa zote. Akaniuliza nimejifunzia wapi, nami sikuwa na Kifaransa cha kumweleza, nikajishika koo tu kama bibi alivyokuwa akifanya. R ya Kifaransa ni ghain, ndugu zangu. Na ikija baada ya t, p au k inakauka kidogo, inakaribia kha: *très*, *prix*, *crayon*. Wenzangu walihitaji miezi. Mimi nilikuwa nayo tangu utotoni na sikuambiwa na mtu kwamba ndiyo hiyo.

Kisha zile sauti za puani: *bon*, *bain*, *banc*. Hapa wengi wetu tunakosea kwa kugusisha ulimi juu na kutoa n kamili. Msifanye hivyo. Mnakumbuka ikhfaa katika kusoma Kurani? Nuni imefichwa, ulimi haukamati, sauti inapita puani. Ni mlango huo huo. Si sawasawa kabisa, lakini aliyefundishwa ikhfaa vizuri yuko hatua tatu mbele ya mwenzake.

Hatukupewa vyote. Ile *u* ya *tu* na *rue* haimo katika Kiswahili wala Kiarabu. Sema "i", ushikilie hapo hapo, kisha kaza midomo kama unapiga mluzi, ulimi usiuondoe. Msiipuuze: *dessus* ni juu, *dessous* ni chini, na tofauti yake ni hiyo tu. Na ile ya *deux*, sema "e" kisha viringisha midomo. Nilikuwa nikifanya mbele ya kioo kila asubuhi, dakika kumi, *deux, douze, deux, douze*.

Tangu siku ile nikabadilisha kusoma kwangu kote. RFI, redio ya Ufaransa, hao hao wenye matangazo ya Kiswahili, wana taarifa fupi ya habari kwa Kifaransa chepesi kila siku, na maandishi yake yapo mtandaoni. Nilikuwa nikisikiliza sentensi moja bila maandishi, nairudia kwa sauti, naisikiliza tena, nairudia, mpaka mdomo wangu ufanane na wao. Ndipo nafungua maandishi. Kama chuoni. Masikio mbele, macho nyuma.

Kijana_wa_Barani

Mimi wa Malindi, ndiye yule wa tatu uliyemtaja hehe. Dada hilo la ghain nimelijaribu sasa hivi chumbani, mamangu ameniuliza nasoma juzuu gani. Endelea. Na sarufi je? Mimi naogopa hiyo *le* na *la*. Nani aliamua meza ni ya kike?

BintiLangoni (mleta uzi)

Usiogope, na usimuulize mtu kwa nini meza ni ya kike. Kwani Mfaransa akikuuliza kwa nini ndizi ni "hii" na embe ni "hili" utamjibu nini? Utamwambia ndivyo ilivyo. Sisi tuna ngeli, zaidi ya kumi ukihesabu zote, na mtoto wa miaka minne hakosei. Wao wana mbili. Wenzangu waliozoea Kiingereza walikuwa wakiteseka na wazo lenyewe, kwamba neno moja liwaburute wenzake wote. Kwetu hilo ni maisha. *Kiti kidogo kimevunjika*: kiti kimewavuta wote. *La petite chaise est cassée*: ndiyo hivyo hivyo, ila sisi tunavuta mbele ya neno, wao wanavuta nyuma. Ninachokushauri ni usijifunze neno peke yake hata siku moja. Usiandike *table*, andika *une table*. Ukilishika bila mwenziwe hapo mwanzo, baadaye kumrudisha ni kazi.

Namba zitakuchosha, hilo nakuambia wazi. Sabini ni "sitini na kumi", themanini ni "nne ishirini", tisini na saba ni "nne ishirini na kumi na saba". Na namba za simu wanazitaja mbili mbili. Mtu anakutajia simu yake, wewe umeshaandika 4 na 20 na kumbe ni 92. Waswisi wa hapo jirani wana *septante* kwa sabini na *nonante* kwa tisini, nilipowasikia mara ya kwanza nilishukuru.

Sasa yale ambayo hayakuwa mepesi.

Upweke. Nilipewa chumba cha bweni, mita tisa za mraba. Ukumbini watu wanapita vichwa chini, mlango unafungwa tak. Kwetu mimi nikitoka nyumbani mpaka uwanja wa Mkunguni nimeshaamkuliwa mara ishirini, wambaje, wambaje, na punda nao wananijua. Kule wiki nzima ilipita sijatajwa jina. Nilikuwa nikipiga simu Lamu kila usiku kwa muda wa saa mbili nzima, namwambia mama niko salama, nikikata nalia. Na kila siku niliyoongea Kiswahili saa mbili, asubuhi Kifaransa kilikuwa kizito mdomoni. Nikamwomba mama tupange: Jumatano na Jumapili tu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Haya, kama ndiyo dawa." Sijafanya jambo gumu kuliko lile.

Makaratasi. Benki moja, sitaitaja, ilinitaka barua ya makazi ndipo inifungulie akaunti. Bweni likataka namba ya akaunti ndipo likamilishe makazi. Nilizunguka hivyo siku kumi na moja. Mwisho aliyenikwamua ni karani wa chuo kikuu, aliyeniandikia barua kwa mkono na kuipiga muhuri. Nawaambia hivi: kila karatasi, nakala tatu, na cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa uwe nacho tangu nyumbani.

Lakini mlango wa kwanza uliofunguka uko mikononi mwetu pia, nao ni salamu. Mfaransa wa dukani, ukiingia ukauliza bei bila *bonjour*, umemkosea adabu, na atakujibu kama mtu aliyekosewa. Wanafunzi wengi wageni walikuwa wakiniambia hawa watu ni wakali. Mimi sikuuona huo ukali, kwa sababu sijui kuingia pahali bila kusalimu. Nikiingia duka la mikate, *bonjour madame*, nikitoka, *bonne journée*. Wiki ya tatu mama wa mikate akaniuliza natoka wapi. Wiki ya nne akanisahihisha kosa langu la kwanza. Nilikuwa nikimwita *tu*, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukiitana darasani. Akaniambia kwa upole, mtu mzima usiyemzoea ni *vous*. Niliona haya kwelikweli, nikaomba radhi kama ninavyoomba nyumbani, na tangu pale akawa ananisemesha kila siku dakika mbili tatu. Zile dakika zilinifaa kuliko kitabu.

Na Mngazija niliyewaahidi. Alikuwa msichana wa bweni langu, ghorofa ya chini. Jikoni siku moja nikampisha jiko, akaniambia "marahaba". Nikaganda. Sikumwamkia shikamoo, vipi aniitikie marahaba? Kumbe kwao marahaba ndiyo ahsante. Tukaketi pale pale tukaanza kupimana maneno: maji kwao *madji*, kwetu Lamu *mai*. Nyama, nyama. Tukacheka mpaka wali ukaungua. Yeye Kifaransa amekulia nacho, na akawa ananirudisha polepole, hanitazami kama mjinga, kwa sababu anajua neno linavyoanguka kutoka lugha yetu kwenda ile. Ramadhani ya mwaka ule ilianza tarehe 23 Machi, tukawa tunafuturu pamoja. Siku ya nne Ufaransa nzima ikasogeza saa mbele kwa saa moja, desturi yao ya kila mwaka. Jana tumefuturu karibu saa moja, leo karibu saa mbili, na jua halikubadilika hata kidogo. Tulikaa tunaitazama tende.

MamaShela

Marahaba mwanangu, na sasa naisema kwa maana zote mbili. Nimemsomea binti yangu yote. Anauliza: ni lini ulijua umekijua?

BintiLangoni (mleta uzi)

Mwambie hakuna siku moja. Lakini kuna siku moja naikumbuka. Mei, ndani ya tramu, wanawake wawili nyuma yangu wanazungumzia mgonjwa wao. Nilishuka kituo changu, nikatembea hatua kadhaa, ndipo nikatambua kwamba nimemwombea dua yule mgonjwa. Sikuwa nimefasiri chochote. Yaliingia yenyewe.

Mtihani wa Kifaransa wa DELF, ngazi ya B2, nilifanya baadaye nikafaulu. Vyuo vikuu vingi vya kule vinataka kiwango hicho ili uingie shahada, na DELF haina mwisho wa muda, wakati mtihani mwingine, TCF, ni miaka miwili tu. Kwa hiyo anayetaka kuanza, A1 na A2 amalizie Mombasa au Nairobi, asiende bila chochote.

Kijana_wa_Barani

Na pesa dada? Na yule mama wa karoti ulimrudia?

BintiLangoni (mleta uzi)

Nilimrudia kila Jumamosi. Hakuacha kuniinulia vidole, hata nilipokuwa sivihitaji tena. Jumamosi ya mwisho aliniuzia cheri, akaniinulia vitatu, akanitilia kilo na zaidi.

Pesa kwa ufupi, nitarudi kwa urefu. Nilipoomba viza walitaka uthibitisho wa euro 615 kwa kila mwezi. Ukifika una miezi mitatu ya kuithibitisha viza yako mtandaoni, usisahau, ukisahau umejiharibia. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, lakini miezi ya kwanza usizitegemee, lugha haitakuruhusu.

Mengine mniachie hapa hapa. Kesho nina wageni saba, watano Wafaransa, tunakwenda Takwa, na mnaujua mlango ule, bila maji kujaa mashua haingii. Maji yanajaa saa nne. Nalala.